Regulata ya Shemeji

Pale kona, kati ya banda la kinyozi na karakana ya kuchomelea vyuma, kuna benchi refu la bomba na mbao tatu. Benchi hilo Cheche, mwanamke mwenye karakana hiyo, alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya geti la mtu, akaliweka nje ili wateja wake wapate pa kusubiri, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyewahi kulikalia. Lilitekwa. Upande wa ukutani hukaa Profesa, aliyefagia maabara ya shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa, akastaafu na kiinua mgongo kidogo pamoja na sayansi yote. Katikati hukaa Wembe, kinyozi, ambaye ukimtafuta ndani ya banda lake utachoka bure. Mwisho kabisa, mahali pa mtu anayeweza kuitwa wakati wowote, hukaa Mkato, dalali wa viwanja, pikipiki, friji na chochote kinachobebeka. Huyu Mkato ni mdogo wa mume wa Cheche, kwa hiyo ni shemeji, na ushemeji wake anautumia kama kitambulisho. Mama wa kahawa ana kigoda chake na makaa yake pembeni. Husikia yote, husema machache. Alhamisi hiyo alasiri kahawa ilikuwa kali kweli, jua limehamia ng'ambo ya barabara, na Cheche akatoka karakanani anafuta mikono kwa tambara, akakaa, akauliza jambo ambalo pale kijiweni halitakiwi kuulizwa.

— Jamani, kuna anayejua vifaa vya kuzamia?

Wembe aliweka kikombe chini. Profesa alivaa miwani. Mkato alijisogeza mpaka benchi likalia.

— Kuzamia wapi? Ughaibuni? aliuliza Wembe.

— Majini, bwana wewe. Kuzamia kwa kwenda chini.

Ilibidi awaeleze upya, ingawa walishaambiwa mara nne. Kwa miezi minne, kila Jumapili, Cheche alikuwa akienda kujifunza uzamiaji kwa mkufunzi mmoja mwenye bwawa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, watoto wawili, mume dereva wa lori aliye safarini wiki tatu kati ya nne, na mkono wa kuchomelea uliojulikana mtaa mzima. Kampuni inayokarabati nguzo za chuma za gati ilikuwa inatafuta watu wanaojua chuma na wasioogopa maji. Kadi ya uzamiaji ameshapata. Jumamosi, saa mbili asubuhi, ana jaribio.

— Mtungi wanatoa wao, alisema. — Jaketi la kuelea wanatoa wao, mkanda wa uzito na suti ya mpira pia. Regulata, miwani na mapezi ya miguuni nije navyo mimi.

— Regulata? Profesa alikunja uso. — Si ile ya jiko la gesi?

— Ndugu yake, mzee. Ile inapunguza nguvu ya gesi iende kwenye moto. Hii inapunguza nguvu ya hewa ije mdomoni.

— Basi kama ni ndugu wa tumbo moja, mimi ninayo moja nyumbani haina kazi. Tangu mama watoto ahamie kwenye mkaa.

— Mzee, usiniue.

Mama wa kahawa alimjazia Cheche kikombe bila kuulizwa.

— Kwani huyo mkufunzi wako hajui vifaa? alisema Wembe.

— Anajua. Lakini ana duka.

— Sasa?

— Sasa nitajuaje kama ananishauri au ananiuzia? Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Kila anayejua ana duka. Asiye na duka hajui.

— Sisi hatuna duka! alisema Profesa kwa fahari.

Cheche alikunywa kahawa. Alishaona mkutano umefunguliwa.

Wembe alianza, kwa sababu Wembe ndiye mwenye simu kubwa.

— Sikia, dada. Mimi hayo mambo nayafuatilia. Kuna jamaa mmoja kwenye video, mzamiaji hatari, ana wafuasi milioni mbili. Anasema kitu cha kwanza ni rangi. Nyeusi ndiyo rangi ya wataalamu. Ukivaa njano samaki wanakudharau.

— Wafuasi milioni mbili, Profesa alisema. — Samaki humo ni wangapi?

— Mzee, tuongee kwa adabu. Halafu mapezi yawe marefu. Marefu haswa, kama mbao za kuezekea. Urefu ndiyo spidi.

— Na misuli ya miguu yangu ikikakamaa chini huko? Cheche aliuliza. — Mimi naenda kukagua nguzo, siendi mashindanoni.

— Basi marefu kiasi. Halafu miwani, ukishanunua tu, unaipiga dawa ya meno kwa ndani. Unasugua, unasuuza. Haitaingia ukungu.

Benchi zima liliangua kicheko. Profesa alicheka mpaka akavua miwani yake na kuifuta.

— Dawa ya meno! Miwani ina meno?

— Hiyo ni kweli, alisema Cheche.

Kicheko kilikatika.

— Kweli kivipi?

— Kioo kipya kinatoka kiwandani na utando. Dawa ya meno inautoa. Tulifundishwa.

Wembe alijinyoosha kama mtu aliyetunukiwa nishani barabarani. Na hapo ndipo Cheche alipoona ugumu wa shughuli yake. Kati ya mambo matatu aliyoambiwa, la kipuuzi kuliko yote ndilo lililokuwa la kweli, na lilitoka kwenye mdomo uleule uliosema samaki wanadharau njano.

Profesa hakukubali kuachwa nyuma.

— Binti, achana na rangi. Tatizo lako ni presha. Ukishuka mita kumi ni kama umebebeshwa lori. Mita ishirini, malori mawili. Damu inachemka kama soda iliyotikiswa.

— Kuna ukweli hapo, mzee, ila damu haichemki unaposhuka. Hatari yenyewe ni kupanda haraka.

— Ndicho nilichosema. Kwa hiyo dawa yake ni kubana pumzi. Unavuta moja, kubwa, unaibana mpaka juu. Unaokoa hewa na unaokoa damu.

Cheche alishusha kikombe. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile anayoitumia pale mtu anapokaribia mtungi wa gesi na sigara.

— Hapana. Hilo hapana kabisa. Hewa ya chini imeshinikizwa. Ukiibana halafu ukapanda, inatanuka ndani ya mapafu. Yanapasuka. Ukiwa chini unapumua muda wote, hubani hata sekunde. Mzee, hilo usimwambie mtu mwingine.

Profesa aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Maabara yetu ilikuwa ya mimea zaidi, alisema.

Muda wote huo Mkato alikuwa kimya, jambo ambalo lingetosha kumtia wasiwasi mtu yeyote anayemjua. Sasa aliinuka, akaingia kwa Wembe, akatoka na gunia la nailoni alilolificha nyuma ya kiti cha kunyolea. Aliliweka miguuni pa Cheche taratibu, kama analaza mtoto.

— Shemeji. Wamesema wote. Mimi sisemi. Fungua.

Cheche alifungua. Ndani kulikuwa na mapezi meusi, miwani ya kioo kikubwa, na regulata nzima: kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye mtungi, mpira mrefu, na kipande cha mdomoni. Chuma kiling'aa. Hata yeye, aliyeona vyuma vya kila namna, moyo ulimruka kidogo.

— Umetoa wapi?

— Kuna mtu amehama, ameacha vitu. Vimetumika mara mbili tu. Mara mbili, shemeji. Bei nitakupa ya ndani ya familia. Mimi nikuuzie kitu kibovu wewe? Nitamtazamaje kaka?

Hilo la kaka ndilo lililobana. Akikataa, jioni mume atapigiwa simu kwamba mkewe anawaona ndugu zake matapeli. Akikubali, ataendaje majini na kitu asichokijua? Cheche alikigeuza kile kichwa cha chuma mkononi. Tundu la kuingilia hewa, pale panapokaa mtungi, lilikuwa limefungwa na kifuniko chake kidogo cha mpira. Alikikaza kwa mazoea, jinsi anavyokaza kila kitu.

— Tatizo hatuna mtungi wa kuijaribia, alisema.

— Lete hapa, alisema Wembe. Kabla hajazuiwa, alikuwa ameshatia kipande cha mdomoni mdomoni na macho yamemtoka. Alivuta. Akavuta tena. Akakitoa.

— Inatoa hewa!

— Acha uongo.

— Haki ya nani! Inatoa hewa bila mtungi!

Profesa alikipangusa kwa shati, akajaribu naye. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikapanda.

— Kweli. Tena hewa nyepesi.

— Si nilisema? Mkato alipiga mapaja yake. — Mtambo wa kisasa huo. Hata mtungi unautafutia nini?

— Nafahamu kinachotokea, alisema Profesa, akili imemrudia. — Humu ndani kuna madini. Yale madini yanakamua oksijeni kutoka kwenye chuma chenyewe. Maabara tulikuwa na kitu kama hicho, ila kilikuwa kabatini na funguo alikuwa nazo mwalimu mkuu.

— Maana yake unaweza kukaa chini wiki nzima, alisema Wembe. — Unalala hukohuko. Unashuka na chakula.

— Kampuni watakulipa mara mbili, shemeji. Wengine wanapanda kubadilisha mtungi, wewe upo tu.

— Tukitengeneza kumi za hivi, tukawapelekea wagonjwa wa pumu...

— Tukizifunga kwenye nyumba za vyumba visivyo na madirisha...

— Serikali itakuja kumchukua Cheche, Profesa alisema kwa huzuni. — Watu wenye vitu kama hivi hawaachwi.

Cheche alicheka nao. Kuna kitu kilimkuna akilini wakati anacheka, lakini hakikukaa. Bwawani kwa mkufunzi kila kifaa alikikuta kimeshakaguliwa. Yeye kazi yake ilikuwa kuvaa. Alikipokea kipande cha mdomoni, akavuta. Hewa ilikuja, laini, haina shida yoyote. Akajikuta anafikiria bei.

Kulikuwa na mtu amesimama pembeni ya makaa, kikombe mkononi. Ni fundi pancha aliyehamia kona ile wiki hiyohiyo, mwanamume wa makamo mwenye suruali iliyopakwa gundi, ambaye hajapewa bado jina wala nafasi kwenye benchi. Alikuwa amesikiliza kwa heshima muda mrefu.

— Samahani, alisema. — Hapo pa kuingilia hewa si pamezibwa?

— Pamezibwa, alijibu Mkato. — Ndiyo utamu wake.

— Na mtungi hakuna.

— Hakuna, ndugu yangu. Tumesema hivyo toka saa ile.

— Sasa hiyo hewa inatoka wapi?

Pikipiki ilipita. Mama wa kahawa alisogeza kaa moja kwa koleo. Wembe alimtazama Profesa, na Profesa akaitazama regulata.

Cheche hakumtazama mtu. Alishaiona karakana yake, mitungi yake miwili, na povu la sabuni analopaka kila Jumatatu kwenye kila kiungo cha mpira, na jinsi povu linavyofura pale penye tundu. Angewezaje kuijua regulata ya moto na asiijue ya maji? Alikishika kipande cha mdomoni, akakizungusha kifuniko cha mbele kwa mkono. Kilikuwa kigumu, kikalia, kikafunguka. Ndani kulikuwa na duara la mpira, pana kama kifuniko cha chupa ya chai, ambalo lilitakiwa kuwa laini kama ngozi ya sikio. Lilikuwa limekauka. Alilibonyeza kwa kidole na ukingo wake ukaachia, ufa wa nusu duara.

— Hapa, alisema. — Inaingia hapa. Ni hewa ya hapa kijiweni tulikuwa tunavuta.

— Ufa mdogo, shemeji, alisema Mkato kwa sauti ndogo. — Gundi kidogo tu. Huyu si fundi pancha? Bwana, huwezi kuziba hapo?

— Mimi naziba tairi, alisema fundi pancha.

— Mkato, Cheche alisema. — Penye kuingia hewa, maji yanaingia. Ningeshuka Jumamosi, ningevuta maji.

Mkato alikaa. Rangi ilikuwa imemtoka, na safari hii haikuwa biashara. Alijishika kichwa.

— Shemeji, mimi sikujua. Yule mtu aliniambia mara mbili tu. Naapa sikujua. Na ile nyingine...

— Nyingine ipi?

— Zilikuwa mbili.

Kijiwe kizima kilimgeukia.

— Iko wapi ya pili?

— Niliuza jana. Kwa jamaa mmoja anayekwangua mashua kwa chini. Alisema ana kazi leo. Alasiri.

— Mpigie.

— Nikimpigia atasema nimemwibia, shemeji. Na pengine ile ni nzima. Si lazima zote ziwe...

— Piga simu, alisema mama wa kahawa.

Hakupandisha sauti. Lakini katika miaka yote ya kijiwe kile hakuna aliyekumbuka kumsikia akimwamrisha mtu. Mkato alipiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akaweka spika ili wote wasikie. Iliita mara tano.

— Nani? Sema haraka.

— Mimi Mkato, ndugu yangu. Yule wa regulata.

— Mkato, nipo kwenye ngazi, miguu ishaingia majini. Nitakupigia nikitoka.

Cheche aliichukua simu.

— Kaka, samahani, usikate. Hiyo regulata usishuke nayo.

— Wewe nani?

— Naitwa Cheche. Ni mchomelea vyuma.

— Mchomelea vyuma! Nyuma yake ulisikika upepo na mtu akiuliza wanangoja nini. — Dada, kifaa kizima. Nimevuta hapa, hewa inakuja safi.

— Najua inakuja safi. Nakuomba nusu dakika tu. Mtungi umeufungua?

— Nimefungua, ndiyo.

— Ufunge. Halafu bonyeza kile kitufe cha mbele mpaka hewa iliyobaki iishe. Ikiisha, vuta.

— Kwa nini nikuamini wewe? Sikujui. Nasikia hapo mpo wengi, sijui mnanywa nini. Huyo Mkato jana kaniambia kipya kabisa, leo ananiletea mwanamke aniambie kibovu. Kesho nani?

Cheche alivuta pumzi. Aliona wazi kwamba yule mtu ana haki. Angekuwa yeye kwenye ngazi ile angesema yaleyale.

— Usiniamini, alisema. — Wala usimwamini Mkato. Funga mtungi, uvute mwenyewe.

Wakasikia chuma kikizungushwa, zamu baada ya zamu, na mlio mrefu wa hewa ukitoka, ukipungua, ukiisha. Wembe alikuwa amemshika Profesa mkono bila kujua. Kisha wakasikia pumzi ya mtu, ndani, nje. Ndani, nje.

— Inakuja, ilisema sauti kwenye simu.

— Mtungi umefunga?

— Mpaka mwisho.

— Basi huo unaovuta ni upepo wa hapo kwenye ngazi. Ukishuka, upepo haupo.

Yule mtu wa nyuma yake aliuliza tena wanangoja nini, na mkwangua mashua akasema, bila kuiondoa simu mdomoni, "Leo haipo kazi." Halafu wakasikia kifungo cha mkanda wa uzito kikifunguka, na kishindo chake kwenye mbao.

— Nilikuwa nimeshavaa miwani, alisema. — Simu niliiona tu inamulika. Mkato yupo?

— Nipo.

— Njoo uchukue kitu chako.

— Nakuja. Nakuja sasa hivi, ndugu yangu, na pesa yako nakurudishia yote.

Mkato alilibeba gunia, akaondoka. Kwa mara ya kwanza hakupitia njia ya mkato nyuma ya banda la kinyozi; alizunguka barabara kuu, mbele za watu, na gunia begani. Cheche alimwangalia mpaka akapotea. Jioni atampigia mume wake mwenyewe, alijiambia, amweleze kabla hajaelezwa, na atamwambia pia kwamba mdogo wake amekwenda mwenyewe bila kusukumwa.

Alimgeukia fundi pancha, ambaye alikuwa anarudisha kikombe.

— Na wewe? Unanishauri ninunue ipi?

— Mimi? Yule mtu alishangaa. — Mambo ya kuzamia siyajui, dada. Sijawahi hata kuogelea.

Wembe alimnong'oneza Profesa kwamba mgeni hajiamini. Lakini Cheche alitambua kuwa tangu aulize swali lake, huyo ndiye pekee aliyesema hajui. Alisogea, akamwachia nafasi kwenye benchi, kisha akatoa simu na kumpigia mkufunzi.

— Mwalimu, Jumamosi nina jaribio na sina vifaa.

— Leo Alhamisi! Kwa nini hukuniuliza mapema?

— Kwa sababu unauza.

Mkufunzi alicheka muda mrefu.

— Ni kweli nauza. Njoo kesho asubuhi. Lakini regulata usinunue.

— Kwa nini?

— Kwa sababu hujaifanya hiyo kazi hata siku moja. Kodi miezi mitatu, utajua unataka nini. Na siku ukinunua, uliza kwanza nani ataifungua na kuisafisha kila mwaka, maana zinafunguliwa kila mwaka hata kama hazijalalamika. Kama fundi wake yuko nchi nyingine, hata upewe bure iache. Kitu cha kununua ni miwani. Hiyo huwezi kuazima. Uso wako hakuna mwingine anao.

Ijumaa asubuhi Cheche alisimama mbele ya kioo cha duka, na mkufunzi akampa miwani moja baada ya nyingine. Hakumruhusu kufunga mkanda. Ilikuwa ni kuibandika usoni, kuvuta pumzi kidogo kwa pua, na kuachia mikono. Ya kwanza, ya bei kubwa kuliko zote, ilidondoka. Ya pili ilidondoka. Ya nne ilishika, ikapumua upande wa kushoto, ikadondoka. Ya saba, ya rangi ya njano, iliyokuwa chini kabisa kwenye rafu, ilimng'ang'ania, hata alipoinama ikawa bado ipo.

— Hii ni rahisi, alisema Cheche kwa sauti ya puani.

— Rahisi. Na ndiyo yako.

Mapezi alichukua mafupi, ya kuvaliwa na viatu vya mpira, baada ya kutembea nayo dukani kama bata mpaka akaridhika hayabani kidole. Kisha mkufunzi akaleta regulata ya kukodi. Cheche hakuipokea kwa shukrani. Aliuliza ilifunguliwa lini, akaonyeshwa kadi yenye tarehe na sahihi. Aliuliza kwa nini mpira una alama, akaambiwa, akaupinda kuangalia kama una nyufa. Alikaza kifuniko cha kuingilia hewa, akatia kipande mdomoni, akavuta. Hakukuja kitu. Alivuta kwa nguvu zaidi. Ulimi ulivutwa, mashavu yakaingia ndani, na hakukuja kitu: hii haikuwa na ufa. Mkufunzi alikuwa amekunja mikono, anamwangalia.

— Hilo sikuwafundisha, alisema. — Nilikuwa nawakagulia mwenyewe. Kuanzia Jumapili nitawafundisha.

Jumamosi saa mbili kasoro, gatini, maji yalikuwa ya kijani na mazito. Walikuwa watu watano wa jaribio, wanaume wanne na yeye. Msimamizi, mtu mfupi mwenye daftari lililolowa pembeni, alipita kwa kila mmoja na swali lilelile: nani amekagua vifaa vyako? Wa kwanza alisema duka. Wa pili alisema kaka yake, mzamiaji wa zamani. Wa tatu alisema vilikuwa vipya, havihitaji. Wa nne alisema alidhani kampuni ndiyo inayokagua. Msimamizi aliandika bila kuinua macho, akafika mwisho wa mstari.

— Wewe, nani amekagua vifaa vyako?

— Mimi, alisema Cheche.

Msimamizi aliinua macho. Alimtazama kidogo, kisha akaonyesha ngazi kwa kalamu.

— Anza wewe.

Alifungua mtungi, akasoma saa ya kupimia hewa, akavuta mara tatu huku akiitazama sindano isicheze. Akaenda kinyumenyume kwenye ngazi, vipandio vikiwa na utelezi wa kijani. Maji yalipofika kidevuni alisikia ubaridi ukiingia shingoni mwa suti. Akateremka. Kelele za juu zilizimika kama mlango umefungwa. Mbele yake ilitokea nguzo ya kwanza, pana kuliko mikono yake miwili, imevaa kutu na makombe, na kwenye kiungo chake aliona mshono wa zamani wa fundi mwingine, uliochomelewa vibaya, umeanza kuachia upande mmoja. Alipitisha kidole gumba juu yake polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, akipima urefu wa ufa ili apande na jibu la kumpa msimamizi.